Makato ya Edah

Edah Nekesa alikata miwa miaka mingi kabla ya kukata mkono wa mtu. Hapa Lurambi kila anayemtaja huanzia kwenye huo mkono na kuishia hapo hapo, na hilo hunikera. Mimi ni jirani yake. Nilikuwepo.

Mumewe alipokufa, shemeji zake walimtoa nyumbani yeye na bintiye Wendy, wakavunja jiko lake kwa mateke. Edah alimpiga mmoja ngumi ya pua, akabeba panga lake na sufuria, akaenda zake. Alikodi shamba la miwa, akauzia kiwanda cha sukari msimu baada ya msimu, mpaka akanunua kiploti nyuma ya kwangu. Aliniapia kuwa hakuna mwanadamu atakayemfukuza tena.

Kuta za nyumba aliyoanza kujenga hapo zilipofika kwenye madirisha, akatakiwa na kaunti kulipia kibali cha ujenzi: elfu kumi na mbili na mia sita. Juu yake kulikuwa na ada ya kutuma malipo kwa simu, mia mbili hamsini na mbili. Nikamwambia aiongeze.

"Niongeze nini?" akanifokea. "Makato hutokanga ndani ya pesa. Kiwanda kikikata mbolea na trekta, mimi huongezanga?"

Ungemwambia nini? Mkulima wa miwa hupewa kilichobaki tu. Makato huyakuta yameshaliwa. Akatuma elfu kumi na mbili na mia sita. Ada ikachotwa humo kwanza, pesa ya kibali ikapungua, kibali kikakwama. Edah akaendelea kujenga, roho yake imetulia.

Askari wa ujenzi wa kaunti walikuja watatu na nyundo kubwa. Mkubwa wao, Lusweti, alikuwa mtu wa kifua na kelele.

"Mama, hujalipa."

"Nimelipa! Soma simu!"

"Kuna pesa imebaki."

"Si mkate huko huko!"

Lusweti akacheka, kicheko kile cha mtu mwenye nyundo. Nilipiga ukelele kwamba mtoto yuko ndani. Hakungoja. Alipiga ukuta wa chumba mara mbili, matofali yakaporomoka, na Wendy akatoka akitambaa, uso wote damu, sikio limechanika. Nyundo ikainuliwa tena.

Edah alichukua panga lake. Aliinama kama anayekata miwa, chini kabisa, akapandisha panga kwa nguvu zake zote. Mkono wa Lusweti ulining'inia kwa ngozi. Wenzake walimwangukia Edah kwa rungu na buti, wakamvunja meno na mbavu, nasi majirani tukawarushia mawe mpaka polisi wakaja kutupiga sisi sote. Mimi mguu huu bado unaniuma, na sijutii jiwe hata moja.

Wendy alirudi kutoka hospitali na bandeji kichwani. Akaomba simu yangu, akatuma ile mia mbili hamsini na mbili, na juu yake ada ya kuituma. Kibali kikatoka siku hiyo hiyo, kwa jina la Edah Nekesa.

Hakimu alimpa mamake miaka saba.

Tuliimalizia nyumba kwa mchango. Ina mabati mekundu na mlango wa chuma, na Wendy huufunga mwenyewe jioni. Hakuna anayemsumbua. Edah hajalala humo hata siku moja.