Somo la Kumkimbia Mama Mkwe

Wenzangu wa kijiji chetu cha Kerende walipoingia kwenye maduara, yale mashimo ya machimbo, kutafuta dhahabu, mimi nilibaki nyumbani kutafuta kivuli. Nikiulizwa, nilisema nawaangalia ng'ombe wa baba. Ukweli ni kwamba shimo lenye giza silipendi, na chai ya asubuhi siwezi kuiacha ipoe kwa ajili ya jiwe. Wenzangu waliniita mke wa pili wa baba, na baba mwenyewe hakuwakataza.

Uvivu huo ndio ulionipa ualimu. Kulikuwa na Muha mmoja, ametoka Kigoma akiifuata dhahabu kama wengine, akaishia kufanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, hivyo kila siku alionekana kama mtu aliyeangukia gunia la unga. Pembeni ya karasha alikuwepo binti wa kijiji cha Gorong'a anayeuza chai na chapati. Wakapendana kwa Kiswahili, wakakubaliana kwa Kiswahili, na habari ilipomfikia baba wa binti, mzee akajibu kwamba ng'ombe wake hawajui Kiswahili. Anayetaka kuja kuzungumzia mahari katika boma lake aje na Kikurya kinywani. Akishindwa, kabla ya mavuno binti atavushwa mpaka, aende kwa shangazi yake Kenya, ambako tayari kuna watu waliokwisha kumuulizia.

Binti alijaribu kumfundisha mwenyewe, ila kila mara Muha alipofungua mdomo, binti alicheka mpaka chapati zikaungua. Akamwambia, mtafute yule anayeshinda nyumbani, hana kazi na anaongea kama bibi yake.

Sikukataa sifa hiyo. Kikurya changu nilikipata kwa bibi, na Muha akaja kukipokea kwangu, jioni kwa jioni, kwenye zizi.

Nilikuwa na msimamo wangu kuhusu kufundisha lugha za watu. Sekondari nilifundishwa Kiingereza kwa picha ya familia inayokula mkate wenye siagi, na mpaka leo Kiingereza kinanijia nikiona siagi tu, kitu ambacho hapa ni nadra. Kwa hiyo Muha sikumpa vitabu. Nilimpa ng'ombe. Nilimwonyesha kupe, nikampa jina lake; nikamwambia kijana ni mura, na baba ni tata. Nilimlisha kichuri, ile nyama ya mbuzi yenye uchungu wa nyongo, nikamfundisha kusema kwamba ni tamu huku machozi yanamtoka. Yeye naye alinieleza habari za migebuka na mawese, akashangaa watu wanaishije bila mawese, nami nikashangaa watu wanaishije kwa samaki mwembamba namna ile. Kila neno lilikuwa na "kwenu je?" yake. Tulisonga mbele vizuri mpaka tukafika kwenye ukwe.

Nikamuuliza, kwao mtu akimwona mama mkwe anafanya nini. Akasema anamwendea, anamshika mikono huku juu karibu na mabega, anamuuliza nyumba, watoto, mihogo, mvua, mpaka jua lisogee. Nilishtuka kama nimeambiwa wanamkaba.

Nikamwambia hapa ukimwona anakuja njiani, wewe toka njiani. Humpi mkono. Huli mahali anapokuona. Nyumba yake unaipita mbali.

"Kwani amenikosea nini?" akauliza.

"Hajakukosea. Ni heshima."

"Heshima ya kukimbia? Kwetu anayekimbia ni mwizi, mwalimu."

Ikabidi tufanye mazoezi. Mama yangu alikubali kuwa mkwe wa kujifunzia: anatokea jikoni na ndoo, Muha anarukia kwenye migomba. Baada ya siku chache mama alinogewa, akawa anatokea bila ndoo na bila sababu, na Muha hakosei hata mara moja. Nilijivuna. Shemeji zangu, waliooa dada zangu, walikuwa wakimkwepa mama kwa uvivu uvivu, wakigeuza shingo tu. Huyu wangu alikuwa anapotea kabisa.

Siku ya kwenda Gorong'a nilikwenda naye kama mshenga, kwa kuwa ndugu zake walikuwa mbali. Tulimkuta mzee amekaa na mdogo wake. Muha akatoa shikamoo, halafu akaingia kwenye Kikurya kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, taratibu, lakini hakuanguka. Akauliza ng'ombe, akauliza majani, akauliza kupe. Mdogo wake mzee akataka kujua kijana huyu amelelewa na bibi gani. Nikatazama pembeni kwa unyenyekevu.

Ndipo mama wa binti akatokea, ameshika kibuyu cha uji wa mtama.

Muha hakunusa hata huo uji. Aliruka kigoda chake, akakata kona, akajificha nyuma ya ghala la mahindi. Aliruka vizuri sana. Hakuna aliyesifia.

Mzee alinigeukia, akasema kwa Kiswahili safi, kile ambacho ng'ombe wake hawakijui:

"Huyu anamkimbia mke wangu kama nani?"

Nikajibu kwamba ni heshima.

"Hiyo ni heshima ya mkwe. Huyu amekuwa mkwe wangu lini? Ng'ombe wake wamelala wapi humu, mura, nikawapita bila kuwaona?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Shemeji zangu walianza kumkwepa mama baada ya ng'ombe kuingia bomani. Kabla ya hapo walikuwa wageni tu, wanasalimia kama wageni. Mimi nilikuwa nimemfundisha mtu kukimbia, nikasahau kumwambia anaanza lini. Mdogo wake mzee akasema kijana amefunga ndoa kichwani mwake, akala na pilau, sisi hakutualika. Mzee yeye hakucheka. Akaniuliza mwalimu mwenyewe nimeoa wapi.

"Sijaoa bado, tata."

Akatikisa kichwa, akamwita binti yake, akamwambia aandae mzigo wa safari ya kwa shangazi. Binti akasimama mlangoni, hakwenda kuandaa, wala hakubisha. Muha kule nyuma ya ghala alikuwa amesikia kila neno, na kwa mara ya kwanza nilitamani ningekuwa mwalimu mbaya zaidi.

Mama wa binti alikuwa bado amesimama na kibuyu chake. Alizungumza bila haraka.

"Wakwe zangu wengine wamemaliza kutoa ng'ombe, na bado wananipita njiani mpaka wananikanyaga. Huyu ananikimbia bure, hata sababu hajapewa." Akaweka kibuyu chini. "Mwambieni atoke. Leo mimi ni mama wa watu tu. Aje anisalimie kwa mkono wakati mkono upo."

Mzee akamwachia mkewe neno. Nikamwita Muha. Akatoka na makapi ya mahindi kwenye nywele, akanitazama anisaidie. Mimi sikuwa na somo lolote lililobaki.

Basi akafanya la kwao. Akamwendea yule mama, akamshika mikono yote miwili huku juu, karibu na mabega, akaanza kumuuliza kwa Kikurya cha bibi yangu: nyumba, watoto, mahindi, mvua. Mama mwanzoni alikakamaa kama mti, kisha naye akamshika. Mdogo wake mzee aliacha utani. Binti alikuja akasimama nyuma ya mama yake.

Mzee alikohoa. Akasema habari ya ng'ombe inaweza kuzungumzwa, tukae. Na siku ng'ombe hao wakiingia humu, mikono hiyo mwisho.

Muha hakuachia.

"Naomba kidogo, tata," akasema. "Sijamuuliza kuku."

Mzee akavuta kigoda, akakaa, akamwambia aulize.