Mstari wa Saba

Nilikubali kuwa katibu wa mradi wa maji kwa sababu moja tu: nilitaka maji. Sitajifanya nilisukumwa na moyo wa kujitolea. Nilikuwa nimejenga nyumba ndogo Giakanja, karibu na shule ninayofundisha, na kila jioni nilibeba mtungi kutoka sokoni ilhali bomba la mradi lilipita chini ya ua wangu. Kila nilipoomba kuunganishwa, mwenyekiti alinijibu kwa upole uleule.

"Mwalimu, line imejaa. Ni watu arobaini, na hao wote wako."

Mimi ni mtu wa magharibi ya nchi. Upole wa namna hiyo mgeni huujua haraka.

Katibu wa zamani alipohamia kwa binti yake, kamati ikatafuta mtu mwenye kompyuta, nami nikakabidhiwa orodha ya wanachama, mstari mmoja kwa kila mtu. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwaarifu wote kwamba Jumamosi tungechimba mtaro wa bomba jipya. Kipanya changu kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo nilitumia vitufe. Unasimama kwenye namba ya simu ya kwanza, unashikilia Ctrl na Shift, unabonyeza mshale wa chini, na kompyuta inakuchagulia namba zote kwa mkupuo. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili hushangilia wakiona hivyo. Nilibonyeza, nikanakili, nikatuma, sikuangalia mara mbili. Mtu anayejivunia wepesi wake haangalii.

Jumamosi walikuja watu sita na majembe yao. Wote walikuwa wazee, wale wa juu kabisa kwenye orodha, kwa kuwa namba za uanachama ziligawiwa kwa kufuata waliotangulia kujiunga. Tuliwangojea wengine mpaka jua likapanda.

"Ati sisi wazee ndio tutachimba peke yetu?" mmoja aliuliza. "Vijana wako wapi?"

Mwenyekiti aligeuka. Alinitazama mimi. Niliona aibu, kisha nikaikasirikia orodha hata kabla ya kujua ilikuwa imenifanyia nini.

Nyumbani nilirudia vilevile. Ile rangi ya bluu inayoonyesha kilichochaguliwa iliteremka hadi mstari wa sita, ikagoma. Chini yake palikuwa na mstari wenye namba 7 pembeni, bila jina, bila simu. Vitufe vile hukimbia mpaka vinapokuta pengo, na hapo husimama. Wote waliokuwa chini ya pengo hawakupata ujumbe. Hilo lilikuwa kosa langu na nililikubali. Lakini niliendelea kulikodolea macho lile pengo. Orodha iliishia namba arobaini; kama saba haikuwa na mtu, basi line haikuwa imejaa.

Kamati ilipokutana niliomba radhi, halafu nikasema kwamba namba saba haina mwenyewe.

"Hiyo tuliacha tu," mwenyekiti alisema. "Hakuna mtu alitaka."

Wazee wa huku hawapatani na saba. Hawakuelezi kwa nini. Wanairuka tu na maisha yanaendelea. Mweka hazina, kijana mwenye digrii anayefanya kazi mjini Nyeri, alicheka.

"Hayo ni mambo ya zamani, mwalimu."

"Basi chukua wewe, unipatie yako," nikamwambia.

"Hapana, yangu iko sawa."

Nikaiomba mimi. Walianza kubishana kwa Kikuyu, lugha ambayo naielewa kuliko wanavyodhani. Mmoja aliogopa kwamba namba hiyo ingeleta mkosi kwa line nzima. Mwingine alitaka tuongeze namba arobaini na moja, lakini fundi wa bomba alikuwa ameshasema maji hayatoshi zaidi ya arobaini. Kisha mama mmoja, mmoja wa wale sita wa mtaroni, akageukia Kiswahili ili nami nisikie.

"Mpatieni. Yeye si wa huku. Haiwezi kumshika."

Wote waliafiki, tena kwa furaha, kama watu waliotuliwa mzigo. Nami niliwashukuru. Nilifurahi kwa kweli, na pia niliumia. Nimepika kwenye mazishi yao, nimechanga harusi zao, nimewafundishia watoto, na kilichonipatia maji ni kwamba mimi si wao.

Jioni hiyo niliandika jina langu na namba yangu ya simu kwenye mstari wa saba. Bomba liliunganishwa baada ya siku chache. Maji yake ni baridi ya mlimani, yanauma meno, na kwenye mtungi sasa nimepanda sukumawiki.

Bado ni katibu. Kukiwa na ujumbe, nasimama juu kabisa ya orodha, nashikilia Ctrl na Shift, nabonyeza mshale wa chini, na bluu inateremka bila kusita hadi kwa mtu wa mwisho. Wakiniita mgeni nanyamaza. Najua ujumbe hauwafikii walio chini yangu mpaka upite kwangu kwanza.