Kila jioni mume wangu alikuwa kwa mjane kuangalia seri: yaliyonikuta tribinali

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi ni mama wa Uvira, kwa hiyo Kiswahili changu mtakivumilia: kwetu "minye" ni mimi, "fasi" ni mahali. Ninayoandika yamenipata mwenyewe, na mume wangu anajua ninayaandika.

Basi iko hivi.

Mtaani kwetu kuna mjane, tunamwita Mama Riziki. Mume wake alitekwa mwaka jana kwenye barabara ya Kamanyola. Majambazi walisimamisha lori alilopanda, wakapora mizigo, wakamshusha yeye na kupotea naye mashambani. Watu walisema ameuawa, lakini mwili haukuonekana.

Dereva wa lori hilo alikuwa mume wangu, Baba Amani. Alirudi nguo zote matope, akaniambia alikimbia tangu risasi ya kwanza, hakuona kitu. Nikamshukuru Mungu, nikapika. Hatukuliongelea tena.

Sasa Mama Riziki ana tele kubwa, yaani televisheni, na juu ya nyumba ana plake ya umeme wa jua. Umeme ukikatika, kwake tele inawaka. Majirani wakawa wanajaa pale jioni kuangalia seri, yaani tamthilia, ya mwanamke jaji ambaye dada yake aliuawa. Wauaji wakihonga na kuachiwa, yeye anawafuata mwenyewe na kuwamaliza mmoja mmoja.

Baba Amani hajawahi kupenda tele. Hata mpira unamkuta amelala. Lakini ghafla kila jioni anaoga, anavaa shati safi, anaenda.

Shati safi, wakuu. Kwa ajili ya seri.

Kibaya zaidi, seri yenyewe ni ya Kifaransa. Kifaransa cha mume wangu ni kile cha kujibu askari kwenye vizuizi, basi. Mama Riziki alifundisha shule. Sasa nani anamtafsiria? Jirani akaniambia, "Anamuinamia kabisa kwenye sikio." Ugali ulinishinda siku hiyo.

Kesho yake nikamfuata.

Nikakuta watu mpaka mlangoni, na wao wawili kwenye kochi moja. Kwenye tele, jaji amemshika muuaji, amempigisha magoti, bastola iko kichwani. Chumba kizima kinapiga kelele: "Muue! Muue huyo mbwa!" Na mimi nilipiga kelele, tena kuliko wote, ila macho yangu hayakuwa kwenye tele.

Baba Amani akasema polepole, "Akimuua sasa, nani atabaki wa kuuliza?"

Mama Riziki akageuka, akamtazama.

Nina miaka mingi kwenye ndoa hii. Sijawahi kumtazama hivyo, kwa sababu sijawahi kumsikia akisema jambo la kutazamiwa hivyo. Kwangu anasema chumvi imezidi.

Njiani nikamshika mkono. "Weye na ule mama muko na nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na unavaa shati ya kanisa?"

Akauondoa mkono wangu. Halafu akasema, "Kesho njoo na minye. Utasikia yote."

Kumbe kesho yake alikuwa anaitwa tribinali, yaani mahakamani, kutoa ushahidi. Kijana mmoja alikamatwa Kamanyola na pikipiki ya wizi. Raia walitaka kumchoma palepale, polisi wakamuwahi. Baadaye ikajulikana alikuwa kwenye kundi lile la majambazi.

Mama Riziki alikuwa amefika kabla yetu. Nilikaa katikati yao makusudi.

Wakamwita mume wangu. Akasimama, shati lile lile. Akasema hakukimbia. Alijificha ndani ya mfereji wa maji ya mpunga, akaona yote. Akamwonyesha kijana kwa kidole: "Ni huyu alimufunga Baba Riziki mikono. Baba Riziki alikuwa anaita jina yangu. Alikuwa anaita, na minye sikutoka."

Nilimwangalia Mama Riziki. Hakushtuka hata kidogo.

Alikuwa anajua. Jioni zile zote, watu wakishatoka, ndipo alikuwa anaambiwa.

Watu wakaanza kelele: auawe, auawe. Prezida wa tribinali, yaani hakimu kiongozi, akawanyamazisha, akamuuliza mjane anaomba nini. Akasimama.

"Prezida, kumuua hakutanipa kitu. Nataka aseme alimuweka bwana yangu fasi gani. Watoto wananiuliza, sina kwa kuwapeleka."

Kijana akainama. Mwishowe akataja: Nyakabere, nyuma ya mashamba ya mpunga, karibu ya daraja bovu la mfereji.

Polisi walienda naye, wakamkuta Baba Riziki palepale. Mama Riziki alimtambua kwa mkanda. Yule kijana alipewa kifungo cha maisha, na sisi tukazika.

Kaburini ndipo Baba Amani alipolia. Alilia mpaka akakaa chini kwenye udongo, na Mama Riziki akamshika bega. Mimi nilisimama kando na kitenge changu kama mgeni. Baba yangu alipokufa, mume wangu huyu alinishika mkono tu, macho makavu. Machozi yake nimeyaona mara ya kwanza mbele ya mwanamke mwingine.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Kwa nini ulimuambia yeye, minye hapana?"

Akavua viatu taratibu.

"Yeye alikuwa anatafuta bwana yake," akasema. "Weye ulikuwa unafurahi kwamba wako alirudi. Niliogopa kukuharibia ile furaha."

Nikachukua vile viatu vyake, nikavikung'uta udongo wa kaburi.

Somo nililopata ni dogo. Zamani ningesema jambazi achomwe bila maswali. Lakini wangemchoma Kamanyola, kaburi lile tusingekuwa nalo. Hata hivyo, mjane mwingine akija akasema yeye anataka kifo, sitamfunga mdomo. Sijalala mahali alipolala.

Kuhusu wivu, wakuu, sitawadanganya. Najua hawakufanya kitu kibaya, na bado unaniuma. Afadhali angekuwa hawara, ningejua pa kuanzia ugomvi. Huyu amebeba na mume wangu jambo ambalo mimi sikupewa nilibebe.

Wenye ndoa, na wale mliofiwa kwa mikono ya watu, semeni mnavyoona. Nitasoma yote. Hata matusi.