Mguu Mzito Hutangulia

Nikodemu wa Buzebazeba, mjini Kigoma, alikuwa na sheria moja tu mlimani: mguu mzito hutangulia. Mwenye mguu mwepesi abaki nyuma ajifunze subira, na yeye kiongozi awe mkiani kuchunga wote. Kwa sheria hiyo alizipandisha familia za watu milima ya nyuma ya Simbo kwa miaka kumi na tisa, kila kipupwe shule zinapofungwa, na hakuna mtoto aliyewahi kushuka analia.

Kabla ya hapo alibeba mizigo bandarini. Mgongo ulipokataa magunia, miguu ikamwokoa. Sasa goti la kulia nalo lilianza kukataa. Mkewe Brigita alilikanda kwa mawese ya moto kila alfajiri huku akimsema: mzee wa miaka sitini na minne kushindana na mbuzi! Nikodemu alishusha suruali kulifunika goti. Wageni wakiliona goti lile watatafuta kijana, naye atabaki nyumbani. Hilo alilihofia kweli. Aliwajua wenzake waliobaki nyumbani. Waliulizwa kama wamekula, basi.

Jumamosi moja ya Julai alipanda na Jovita, muuguzi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Njombe, mumewe Japhet, na binti yao Yusta wa miaka sita. Jovita alipoona kofia ya sufu ya kiongozi wake alicheka, akasema kwao baridi ya namna hii watu wanalima vifua wazi. Nikodemu akamjibu kwamba kwao hawana ziwa la kuwapulizia.

Yusta akawekwa mbele. Alisimama kwa kila mjusi, na Nikodemu kule nyuma akamshukuru kila mjusi. Lakini walipopumzika kula viazi vitamu, mtoto akapata nguvu mpya. Kwenye mwinuko mkali akapanda mbio, wazazi wakamfuata, na Nikodemu akaachwa. Mara ya kwanza alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Mara ya pili akaifunga tena. Mara ya tatu akainua fimbo akaanza kueleza habari za mti ambao hata jina lake hakulijua.

Yusta alishuka mpaka alipo. Aliutazama mguu wa suruali, pale mawese yalipochora doa jekundu gotini, kisha akamshika mkono.

"Babu, mguu wako ndio mzito. Pita mbele."

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Angeweza kukataa, ila sheria aliitunga mwenyewe. Jovita na Japhet wakasogea pembeni, naye akapita.

"Buhoro, buhoro," alisema kwa Kiha, yaani polepole, akimwambia nani, mwenyewe hakujua.

Walifika kileleni saa nzima baada ya muda wa kawaida.

Wiki iliyofuata Jovita akapiga simu. Wenzake wawili kazini wanataka kupanda na watoto wao. Je, mzee ataweza? Nikodemu akajipapasa goti, Brigita akimtazama.

"Nitaweza," akasema. "Ila waambie mapema, anayetangulia ni mimi."