Karavani Niliyoifunga Kabla ya Ijumaa

Mimi mpaka leo nikienda Qurum, mtaa wa hapa Maskati, kwa shemeji yangu Seif hupita njia ya nyuma, ile ya mashimo, ili nisikutane na mzee yeyote aliyesali Ijumaa ile, maana mtaani pale wapo wanaonijua kwa jina langu la Nassor na wapo wanaonijua kwa nilichokifanya, na hao wa pili ndio wengi. Watu hunicheka, na mimi hucheka nao (nifanyeje?), lakini nikianza tu kuusimulia mkasa wenyewe viganja hunitoka jasho.

Seif ni kaka wa mke wangu Raya. Katikati ya miaka ya tisini alinunua karavani kwa mzungu mmoja mhandisi aliyekuwa akirudi kwao, yaani gari yenye nyumba kamili ndani yake, vitanda, jiko, friji na choo, na msimu wote wa baridi tukawa tunazunguka nayo pwani na mchangani, familia nzima, tukila samaki wa kuchoma na kujiona watalii. Tatizo ni kwamba joto likianza Maskati, kitu kama hicho huwezi kukitia ufunguo ukaenda zako. Lazima kiandaliwe, kifungwe, kifunikwe mpaka baridi irudi, la sivyo utakikuta kimepasuka, kimevunda na kimeota mende.

Basi Seif akaniita nimsaidie, nami nikafurahi, kwa sababu ukweni nilikuwa na sifa moja tu, nayo ni papara. Wao ni watu wa Unguja, wa taratibu, na wazee wangu mimi walitokea Tabora, kwa hiyo nikivunja gilasi husemwa, "Mtu wa bara huyo," kama kwamba Unguja gilasi hazivunjiki. Nikasema leo nitawaonyesha.

Ikawa Ijumaa asubuhi, mwezi wa Mei, jua limeshachacha. Tulimwaga maji yote ya tangi tukaacha mabomba wazi, tukasafisha tangi la choo (hapo Seif aliniachia heshima hiyo peke yangu), friji tukaliosha na kulitia taulo mlangoni lisijifunge, tukatoa mtungi wa gesi na betri, tukaweka magogo ya mbao kwenye magurudumu, na madirisha yote tukayabandika karatasi za rangi ya fedha kwa ndani ili jua lisiingie. Humo ndani pakawa giza kama stoo.

Tulipokuwa tunakaribia kumaliza akatoka Bi Zuwena, bibi yao Raya na Seif, mkongwe mwenye macho hafifu na sikio moja lililogoma, ameshika chetezo kinafuka udi.

"Kitu hakifungwi kinanuka samaki," akasema. "Nipisheni nikifukize kwanza."

Nani ambishie? Akavua makubazi yake kwenye kidato, kama tunavyovua sote, kwa kuwa ndani mna zulia, akapanda taratibu akipiga Bismillahi. Seif akatazama saa.

"Nassor, wacha sasa. Tutafunga tukirudi msikitini."

"Wewe nenda kaoge, shemeji," nikamwambia. "Ukitoka utakuta imekwisha."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza. Mtu mwengine angenibishia, lakini Seif alikuwa amechoka, akaenda zake kuoga, na mimi nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta turubai. Niliporudi, mlango wa karavani ulikuwa umerudishwa nusu, kimya, moshi mtamu unatoka. Nikaita "Bibi" mara moja, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa, sikusikia kitu, nikajua keshatoka. Nikafunga mlango, nikatia ufunguo, nikavuta turubai juu mpaka chini nikalikaza kwa kamba, na makubazi ya Bibi yaliyokuwa pale kwenye kidato nikayaokota (tena kwa adabu) nikayapanga ukutani yasije yakabanwa na turubai. Kisha nikarudi nyuma hatua chache kuitazama kazi yangu na kujisifu.

Seif akatoka na kanzu yake nyeupe, anatafuta makubazi yake pale penye kidato. "Niliyaweka hapa hapa," anasema. Nikamwambia avae mengine, tumechelewa, nikamkabidhi ufunguo wa karavani mkononi kwa mbwembwe, akautia mfukoni, nami nikajimwagia maji upesi na kuvaa kanzu, tukaenda kwa miguu kwa vile msikiti ni karibu.

Tukakaa safu ya katikati, mimi na Seif bega kwa bega. Khatibu akapanda mimbari akaanza kuzungumza juu ya haki za wazazi na wakongwe. Nilikuwa nimetulia kabisa, nimejaa raha ya mtu aliyemaliza kazi, mpaka macho yakanipotelea upande wa mlangoni, kwenye lile rundo la viatu, na moyo ukanipiga teke. Makubazi ya Bibi. Ikiwa Bibi alitoka, alitokaje peku juu ya saruji ile ya Mei inayobabua? Na ikiwa hakutoka, basi yumo ndani, gizani, hana hewa, na makaa ya chetezo yanawaka, na mimi nimetia ufunguo na kamba juu yake.

Sasa nyinyi mnajua, kwenye khutba hakuzungumzwi. Hata ukimwambia mwenzio "nyamaza" umeshaiharibu Ijumaa yako. Nikamgusa Seif kwa kiwiko. Akalikandamiza goti langu, kama anavyofanyiwa mtoto asiyetulia. Nikamnong'oneza, "Bibi." Akafumba macho akaonyesha kwamba anamsikiliza khatibu. Nikawa nahisi joto lile la ndani ya karavani kifuani mwangu mwenyewe. Nikajiambia pengine alitoka, pengine natiwa wasiwasi na shetani tu, nikisimama hapa watasema mkwe huyu hata kusali hajui. Nikakaa. Jasho likanishuka mgongoni, nikazidi kukaa.

Halafu nikakumbuka kwamba ufunguo uko mfukoni mwa Seif, karibu na mkono wangu. Nikaona hili ndilo jambo la busara, nitauchukua polepole, nitoke kama mtu aliyetengukwa na udhu, hakuna atakayejua. Nikapenyeza vidole kwenye mfuko wa kanzu yake. Seif akanikamata kifundo cha mkono. Nikavuta, naye akavuta. Mzee mmoja nyuma yetu akainama kutazama, na nikaona usoni mwake kwamba anamtazama mwizi. Khatibu naye akanyamaza kidogo kuvuta pumzi, na katika kimya kile sauti ikanitoka bila ruhusa yangu.

"Bibi yumo ndani, nimemfungia."

Msikiti mzima ukageuka. Sikungoja zaidi. Nikaruka mabega ya watu (Mungu anisamehe, kuna mmoja nilimkanyaga paja), nikatoka peku, nikakimbia juu ya lami huku ngozi ya nyayo inabaki nyuma.

Nilipofika moshi ulikuwa unachungulia chini ya turubai. Raya akatoka jikoni.

"Bibi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Si alikuwa na nyinyi huku nje?"

Akakimbilia chumbani kwa Bibi, akarudi mbio. Hayupo. Nikakata kamba, nikalivuta turubai, nikagonga, nikaita, "Bibi, sogea mbali na dirisha," nikachomoa gogo la gurudumu nikalivunjia dirisha, nikajitupa ndani kichwa mbele. Tumbo likakwama. Nusu yangu imo ndani inakohoa, nusu iko nje inapiga mateke, na kanzu imepasuka mpaka mahali ambapo sitapataja. Raya akanisukuma. Nikaanguka ndani, gizani, nikapapasa sakafu, nikapapasa kitanda, mkono ukagusa kitu laini, nikakikumbatia nikalia kwa sauti, "Nisamehe Bibi, nisamehe." Kilikuwa mto.

Nje nikasikia vishindo. Sala imekwisha na msikiti umehamia kwa Seif. Mtu kafungulia mpira wa maji na kuupitisha dirishani, maji yakanipata usoni, kisha Seif akaja na ule ufunguo, akafungua mlango vizuri tu, nami nikateremka mbele ya halaiki ile nimeloa, nimepasukiwa, nimekumbatia mto. Mtaa mzima unanukia udi. Khatibu mwenyewe alikuwepo.

Ndipo mlango wa jirani ukafunguliwa, akatoka Bi Zuwena anaburura makubazi makubwa ya Seif.

"Kuna nini?" akauliza. "Nani kafa?"

Kumbe alipotoka, kwa macho yake yale, mguu ulivaa ulichokutana nacho. Chetezo alikiacha juu ya sinki ili udi ufanye kazi yake, akaenda kwa jirani kumpelekea udi uliobaki, wakasali pamoja adhuhuri yao, wakanywa kahawa.

Kicheko kilichopasuka pale sijapata kukisikia tena. Watu walishikana mabega. Nikasikia mmoja anasema, "Mtu wa bara," na Seif mwenyewe, baada ya kulitazama dirisha lake kwa huzuni, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza. Nilikaa kwenye kidato nikalia kama mtoto, kwa sababu alikuwa hai, na nilikuwa nimeshamzika moyoni.

Bibi, alipokwisha kuelezwa mkasa, akanijia. Akauchukua mkono wangu uliokatwa na kioo, akaufuta damu kwa ncha ya leso yake. Akageuka.

"Mnacheka nini? Kanifungia yeye, kanikumbuka yeye. Nyie mliomsikia, mkaketi mkamaliza, nani kaja kunitazama?"

Kicheko kikakatika. Seif akatazama ule ufunguo mkononi mwake, na wazee wengine wakakumbuka kwamba wana chakula nyumbani kinapoa.

Bibi alinitetea, na ninamshukuru, ila hakujua yote. Tangu siku ile sifungi mlango wowote, wa gari, wa stoo, hata wa friji, mpaka nimeita na nimejibiwa na kila mtu wa nyumba, na wanangu hunikejeli kwa hilo. Lakini nadhiri yangu hasa ni nyengine. Ile mbio, ule mto na ile kanzu iliyopasuka nimeshavizoea. Kinachonitoa jasho viganjani ni ule muda nilioketi pale safuni, nikiamini kwamba Bibi anaungua, nikijiuliza watu watanionaje. Siku nyengine ikinibidi kutoka katikati ya khutba, nitatoka mapema.