Nilimwonea Wivu Mwanangu

Nyumbani kwangu Visiga sheria ya mezani ni moja: tunasali, tunakula, na mtoto hanyanyuki kabla hajamaliza sahani yake. Niliirithi kwa baba yangu, bwana shamba mstaafu na mzee wa kanisa huko Kurui. Nikiwa na miaka saba niliwahi kukalishwa mbele ya mchicha uliopoa tangu saa saba mchana mpaka saa kumi, wenzangu wakicheza rede uani. Baba alikaa nami muda wote, Biblia mapajani.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa tunakula kwake. Binti yangu wa miaka sita akasukuma sahani.

"Sitaki dagaa."

"Utakula," nikamwambia.

Baba akacheka. "Mwache mchumba wangu. Njoo Babu akumenyee chungwa."

Akampakata, akammenyea, akawa anatoa mbegu mojamoja kwa kidole. Mimi hakuwahi kunipakata. Kama aliwahi, sikumbuki. Nilimvuta mtoto mkono, nikampiga kofi la mgongoni na kumrudisha kwenye dagaa wake. Alilia mpaka akapaliwa. Mama yangu akamchukua, akatoka naye nje.

"Umempiga kwa ajili ya dagaa?" Baba aliniuliza taratibu.

Nilitaka kusema ndiyo.

"Hapana, Baba. Kwa ajili ya chungwa."

Alielewa. Alifuta kisu kwa kitambaa.

"Wewe ulikuwa wa kwanza," akasema. "Waumini walikuwa ndiyo kwanza wamenichagua kuwa mzee wa kanisa, nikawa naogopa ukiharibika watasema nini. Nilikulea huku nawaangalia wao." Akakiweka kisu mezani. "Na leo nimekuvunjia neno lako mbele ya mtoto. Hilo nalo nimekosea."

Alitoka nje, akamwambia mjukuu wake, "Mama yako akisema ule, unakula. Hata kama Babu yupo."

Mtoto alirudi, akala vijiko vitatu, macho mekundu. Nilimwomba msamaha kwa lile kofi. Sheria sikuiombea msamaha.

Ningependa kusema kwamba wivu uliishia hapo. Lakini tulipoaga jioni, binti yangu alimrukia Babu yake shingoni, naye akamzungusha mpaka kiatu kimoja kikachomoka. Nilisimama pembeni na mfuko wa mihogo niliopewa. Kisha nikainama kuokota kile kiatu, ili wasinione uso.