Golikipa Aliyeanza Kuogopa Mpira

Chouchou alidaka mpira tangu usichana wake kule Pweto kwa Wakongomani, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2017 alivuka na binti yake Gloire ndani ya mtumbwi uliojaa watu, wakapita kambi ya Kenani kama wakimbizi wengine, na alipofika hakuwa na kazi nyingine anayoijua zaidi ya ile ya kusimama golini.

Kazi hiyo ikamlisha. Ba Goodson, mchuuzi mkubwa wa samaki pale Nchelenge, alikuwa ameanzisha ekipe, timu ya mpira ya wanawake. Alimwona Chouchou akicheza kwenye uwanja wa vumbi, akamchukua. Mwaka walioshinda kombe, yeye ndiye aliyezuia penalti ya mwisho, na watu wakambeba mabegani mpaka bandarini. Kwa furaha ya siku ile Ba Goodson alimpa kontra, mkataba wa miaka mingi, mshahara mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote, na nyumba ya kukaa. Hakuna aliyejiuliza Chouchou atakuwa na umri gani kontra hiyo itakapoisha.

Hofu ilimwingia baadaye, alipokwisha kupita miaka thelathini na mitano. Mshambuliaji mmoja kutoka Mununga alipiga shuti la karibu, mpira ukamgonga usoni. Alizinduka akiwa chini, wanawake wakimpepea na vitenge. Jicho lilivimba, likapona. Lakini tangu hapo, kila mpira ulipokuja kwa nguvu, macho yake yalijifunga. Hakutaka kuyafunga. Yalijifunga yenyewe, kama ya mtu anayemwagiwa maji.

Akajifunza kuficha. Aliruka akiwa amechelewa, kisha akalaumu jua. Akifungwa bao, aliwakaripia mabeki, nao kwa kumheshimu kama dada mkubwa walijibu, "Yaya, utusamehe." Asubuhi za mechi aliacha chakula chake sahanini. Gloire akimuuliza, alisema ni malaria. Usiku aliwaza: wakinijua, nyumba itakwenda, Gloire atatoka shule, nami nitaanza upya kama siku ile niliyoshuka mtumbwini.

Kisha samaki wakapungua, na biashara ya Ba Goodson ikalegea. Wasichana wengine wakawa wanacheza na viatu vilivyopasuka, huku mshahara wa Chouchou ukiendelea kutoka. Siku moja Ba Goodson alimwita kwenye stoo yake. Koch Mable, mwalimu wa ekipe, alikuwa amekaa pembeni, anaangalia sakafu.

"Mama Chouchou," alisema Ba Goodson kwa Kiswahili alichojifunza kwa kununua samaki kwa Wakongomani, "mabao inaingia sana. Tumeuliza watu ya Mununga kama banaweza kukuchukua. Banakutaka, lakini banasema nusu ya mushahara tulipe siye. Sasa nitalipa mutu anayedakia wengine?"

Ba Goodson akaendelea.

"Nikikuweka benchi, nitalipa bure. Nikivunja kontra, falanga ya kukulipa sina." Akainama, akapunguza sauti. "Lakini kuko njia. Sema goti inauma. Shirika inayosaidia ekipe inalipa wachezaji wagonjwa. Ukae nyumbani mpaka kontra iishe. Nani atauliza?"

Kile Chouchou alichokiomba kwa Mungu kila asubuhi ya mechi kilikuwa mbele yake: kutoangalia mpira tena, na nyumba ibaki. Lakini aliona pia siku ambayo mtu wa shirika atamwambia, "Mama, kunja goti." Mkimbizi mmoja akishikwa na uongo, watu husema wakimbizi wote ni waongo. Aliwafikiria majirani zake waliobaki kule kambini.

"Mechi ya Jumamosi ipite kwanza," alisema. "Nitakujibu."

Jumamosi walikuja wasichana wa Chisenga. Upepo wa ziwa ulivuma tangu asubuhi. Bao la kwanza liliingia Chouchou akiwa amefumba macho. Hakuliona, alisikia tu kelele. Kisha ikapigwa kona. Mpira ulikuja juu, akaruka kuupiga ngumi, macho yakajifunga, na ngumi yake ikagonga kitu kigumu.

Alipoyafumbua, beki wake Nkonde alikuwa amepiga magoti, damu ikitoka mdomoni. Nkonde aliinua uso, akasema kwa taabu, "Yaya, unisamehe. Nilikuzibia njia."

Hakuwa amemzibia njia. Chouchou alijua, na maneno yale yalimtisha kuliko mpira wowote. Angeweza kumvunja mtu shingo, na mtu huyo angemwomba msamaha.

Akavua glavu, akatembea mpaka kwa koch.

"Mable, minaogopa mupira."

"Unasema nini?"

"Minafunga macho. Tangu nilipigwa. Hii yote ya jua ni uongo. Weka Mapalo."

Mapalo, golikipa wa pili, alisimama, akachukua glavu. Walipoteza mechi hata hivyo.

Jioni ile Chouchou alimfuata Ba Goodson stoo, akamwambia goti lake ni zima na halitasema uongo.

"Basi nifanye nini na weye?" Ba Goodson alifoka.

"Vunja kontra. Unilipe kidogo kidogo, hata ikikawia. Nyumba chukua. Lakini uniache nifundishe magolikipa."

"Mwoga afundishe watu?"

Mable, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyejibu. "Ba Goodson, bote banaogopa. Huyu njo wa kwanza kuniambia."

Wakakubaliana hivyo. Chouchou na Gloire walihamia chumba kimoja nyuma ya soko, wakaanza kuuza chisense, dagaa wa ziwa hili. Miezi mingine malipo hayakuja, akaenda kumkumbusha Ba Goodson akiwa na woga wa kufukuzwa. Gloire alikosa muhula mmoja, kisha akarudi darasani.

Ekipe ilipokwenda Mununga, Chouchou alimkuta Mapalo nyuma ya vyoo, ameinama, anatapika.

"Yaya, sitaweza," alisema Mapalo. "Unaona ile mushambuliaji yao? Inapiga kama mwanamume."

Chouchou alimshika kiuno.

"Naiona, nami minaiogopa bado," alisema. "Njo ile ilinipiga. Tapika yote kwanza. Halafu uniambie unaogopa upande gani, tuanzie pale."